Mlamula wa Kemilembe

Siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu, wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala. Naikumbuka vizuri kwa sababu ulizinduka kwa sauti yangu ukaanza kulia.

Ilikuwa hapa hapa Nshamba, kwenye kibanja chetu. Kituo cha utamaduni kilikuwa kimejenga msonge jirani, na baba yako mkubwa akawaruhusu wapitishe wageni katikati ya migomba. Sikupinga. Watu waje wajifunze, kuna ubaya gani? Niliwaomba jambo moja tu, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa upole uliobaki: waukwepe mti wa mlamula ulio karibu na mibuni, maana hapo amezikwa dada yako aliyefariki akiwa mchanga. Hatukulijengea kaburi lile. Limefunikwa na majani ya matandazo kama shamba lote, na alama yake ni mti huo tu.

Asubuhi hiyo nikakuta mlamula umekatwa. Kijana anayeongoza wageni amesimama palepale, anasukuma matandazo kwa kiatu, awaonyeshe wanachuo jinsi udongo unavyotunza unyevu.

"Toa mguu hapo!"

"Waitu mama, taratibu. Kimti tu hicho, kilikuwa kinaziba picha."

"Na mlangoni kwenu mmeandika nini kuhusu kimti hicho? Haya, waambie wageni wako."

Alijua. Kibao chao, chenye rangi nzuri kabisa, kinasema mlamula hupandwa mpakani na makaburini, na haukatwi ovyo. Mwanachuo mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Mimi nikaendelea, na mengine niliyosema utayasikia ukikua.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alitoka na jembe lake mkononi, akaniacha nimalize. Kisha akaniingiza jikoni.

"Umechoka? Basi kesho watasema ni kelele za yule kichaa aliyeolewa kutoka Ijuganyondo. Kidato cha nne ulisomea nini? Kaandike."

Nilichukia, lakini nikaandika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku moja atakuja mtu akuulize mila zenu ili ajenge makumbusho au atengeneze njia ya wageni. Mweleze, usimnyime. Ila anza kumwonyesha pasipokanyagwa, kabla ya ngoma na kabla ya chakula. Na akishayaandika ukutani, mdai ayafuate, maana hao wa kituo waliyajua yote na bado wakashika panga. Ukikasirika, kasirika, sikukatazi. Halafu kaa chini uandike, upeleke mahali watakapokugongea muhuri.

Mungu akukuze, akupe sauti na mkono mwepesi wa kuandika, na asikupe kamwe sababu ya kuandika kama haya niliyopeleka ofisi ya kijiji:

*YAH: MALALAMIKO YA KUKATWA MTI NA KUKANYAGWA KABURI*

*Mimi mkazi wa kijiji hiki nalalamika kwamba kituo cha utamaduni kimekata mlamula wa kaburi na kupitisha wageni juu yake, ingawa niliwaonya mara mbili. Sidai fidia. Naomba njia ihamishwe. Naomba uongozi wa kituo uje kupanda mlamula mwingine kwa mikono yao, familia ikiwapo. Wakitaka kuweka kibao hapo, waandike jina tu, wasiongeze maelezo.*

*Anaitwa Kemilembe. Ni mtoto wangu wa kwanza.*