Goti Alilolitunza Hermelinda

Hermelinda alisuka lesi pale mjini kwetu Itauguá miaka arubaini, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kila Desemba alipanda kilima cha Caacupé kwa miguu yake hadi kanisani kumshukuru Bikira, kwa kuwa Arsenio, mwanawe wa pekee, alipona homa ya utotoni iliyokuwa imwondoe. Ndiyo ahadi aliyoweka: atapanda mpaka afe.

Mwaka juzi goti lake la kulia lilianza kulika. Likawa linasaga, linavimba. Muuguzi wa zahanati alimshika paja, akaguna.

"Mama, msuli umelegea huu, na ndio unaobeba goti. Kaa kitini, simama, kaa, simama. Mara kumi asubuhi, kumi jioni."

Njia nzima ya kurudi Hermelinda alimcheka. "Goti ndilo linauma, yeye anashika paja! Mimi nitalipumzisha, shoga. Namtunzia Bikira."

Akalitunza kweli, nasi wajinga tukamsaidia. Mimi nilimpelekea tereré, chai yetu ya baridi, pale pale kitini. Arsenio akamwondolea ndoo, ufagio, hata kulisha kuku. Mwaka mzima hakuinuka ila kwa haja. Ukiuliza nani alimponza, nami nimo.

Desemba ilipofika tulishuka basi chini ya kilima, goti likiwa kimya, naye akitabasamu. Hatukufika mbali. Aliomba akae kidogo kwenye kiti cha muuza chipa, vile vimkate vya jibini. Alipotaka kuinuka, hakuinuka. Akajaribu tena, akisukuma kwa mikono miwili. Paja lilitetemeka tu ndani ya sketi.

"Linauma, mama?" Arsenio aliuliza.

"Haliumi! Haliumi hata kidogo!" Alikuwa analia kwa hasira. "Afadhali lingeuma."

"Basi nikubebe mgongoni."

"Unibebe kama gunia la mihogo? Ndiyo ahadi hiyo?"

Mahujaji walizidi kutupita. Nilikuwa nimechoka, jua limenichosha, na aibu imenichosha zaidi. Kwetu ahadi ya mtu hulipwa na mwanawe, lakini mwenyewe akishazikwa. Hermelinda alilijua hilo kuliko sisi sote. Alivua rozari shingoni, akamvika Arsenio.

"Nenda," alisema. "Kanilipie."

Arsenio, mwanamume wa miaka thelathini na minne, alianza kulia kama aliye msibani, na hakuna aliyemkataza.