Gogo, Gunia na Goti la Théophile

Mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza haanguki. Akianguka, kosa ni la mvua, la barabara, au la mbuzi wa watu. Kwa hiyo siku matope yalipomlaza Théophile, pikipiki ikiwa juu ya mguu wake wa kushoto, aliwalaumu wote hao kwa zamu huku goti likivimba kama muhogo uliolowekwa.

Hospitalini Kasongo walimwambia kwamba mshipa wa ndani ya goti, ule unaoshikanisha mifupa, umekatika. Wiki zikapita, uvimbe ukashuka. Ndipo Aimée, mtaalamu wa viungo, alipomsimamisha kwa mguu ule mbovu na kumwambia afunge macho. Théophile akayumba kama mlevi hadi akadakwa mkono.

"Goti yako imesahau fasi iko, haijue kama imekunjwa au imenyooka," Aimée alimwambia. "Sasa macho njo inaisaidia. Kila siku simama na muguu hii moja. Shika ukuta, kisha acha ukuta, kisha funga macho. Polepole itakumbuka."

Mtu mzima, baba wa watoto, asimame kwa mguu mmoja uani! Aliporudi Kabambare alijaribu nyuma ya jiko, lakini watoto wa jirani wakamwona, wakajipanga mstari na kumwiga. Masikio yalimwaka kwa aibu, na tangu siku hiyo hakujaribu tena. Maumivu yalipokwisha alimwambia mkewe, Darlène, kwamba amepona. Akawa anatembea macho chini, akiuchunga mguu wake, na watu wakasema ajali imemtia akili.

Mavuno ya muhogo yalipofika, Darlène alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Ikabidi Théophile aende kumsaidia mama mkwe wake, mama Pascaline, kutoa mzigo shambani. Katika ukoo ule, mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Njiani mmoja hutangulia, mwingine hufuata kwa mbali. Ikitokea wakagusana, aliyegusa hupeleka kuku mbele ya ukoo na kueleza ilikuwaje.

Mama Pascaline alizoea kujibebea mwenyewe. Lakini ni mkwe gani atatembea mikono mitupu mbele ya mama wa mke wake? Théophile akajitwika gunia kichwani, akatangulia.

Kwenye kijito daraja lilikuwa gogo moja tu. Alifika katikati ndipo akagundua upumbavu wake: mwenye gunia kichwani hawezi kuinamisha macho. Mguu wake hakuuona, na bila kuuona hakujua kama goti limekunjika au limenyooka. Likaanza kutetemeka. Akasimama pale pale, gunia likicheza kichwani, mbele hawezi, nyuma hawezi.

"Mukwe?" Mama Pascaline aliita kutoka ukingoni. Hapakuwa na mtu wa kupitisha maneno.

Théophile alitamani maji yamchukue yeye na muhogo wake. Kisha akahisi mikono miwili ikimkamata kiunoni, mikono migumu ya jembe.

"Tembea. Miye niko nyuma."

Wakavuka hivyo. Ng'ambo mama akamwachia, akarudi nyuma, akageuza uso, wakafuatana kwa mbali mpaka nyumbani.

Jumapili mama Pascaline alikuja na kuku mbele ya ukoo, uani kwa Christophe, mwanawe mkubwa.

"Niliteleza pa gogo," alisema. "Nikashika mukwe wangu. Yeye njo aliniokoa."

Watu wakamsifu Théophile, wakamwekea kuku mapajani. Yeye akainamia manyoya, akaona haya kuliko siku ile ya watoto wa jirani.

"Mama, sasa umezeeka," Christophe akasema. "Hautavuka tena. Ile shamba tutapatia wengine."

Mama Pascaline alikuwa amelilima shamba lile tangu alipofiwa na mumewe. Aliinamisha kichwa, hakubisha. Na Théophile, tusimpake mafuta, alinyamaza pia. Alipewa mahali pa kujificha na akajificha, mpaka Christophe alipoanza kutafuta nani atalichukua shamba. Hapo moyo ukamshinda. Akamweka kuku chini, akasimama katikati ya ua.

"Muniangalie," alisema.

Akafunga macho, akainua mguu ule mzima, akabaki juu ya ule mbovu. Hakudumu hata pumzi moja. Alianguka kwa kiwiko mbele ya wakwe zake, kuku akakimbilia jikoni. Mtu mmoja akacheka.

"Mama hakuteleza," Théophile alisema akiwa chini. "Ni miye. Goti haiyapona, niliwadanganya. Mumuachie shamba yake."

Darlène alijifunika uso kwa kitenge. Mama Pascaline alikuwa ameshageukia ukuta, maana mama hamtazami mkwe wake akiwa mavumbini. Akasema akiwa bado amewapa mgongo:

"Darlène, ambia bwana yako asimame. Arudilie."

Théophile akainuka, akafunga macho, akainua mguu tena mbele yao wote.