Uso Aliouazima Mjomba

Mume wangu watu wanamwita Picha. Kazi yake ni mabango: duka la viatu, saluni, gereji, na lile tangazo la ukutani la kuwakataza wanaume kukojoa, ambalo linasomwa na wote na kutiiwa na wachache. Ukizunguka mjini kwetu utaona kila kinyozi ana kichwa kilekile mlangoni, masharubu yaleyale, jicho moja limelegea kidogo. Wanaojidai wanajua husema ndio mtindo wake. Mimi ninayemfulia nguo najua kwamba kichwa kile alikitoa kwenye kalenda kuukuu na hajapata kingine.

Anavyofanya kazi ni hivi. Anachukua picha ndogo, anaipiga miraba kwa penseli. Anapiga miraba mikubwa kwenye ubao. Kisha anahamisha, mraba mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehamisha kichuguu kwa kijiko. Mkono wake ni mzuri, sikatai. Ila bila kitu cha kutazama, mkono huo hauchori hata sikio la mbuzi. Jambo hilo hakulisema kwa mtu, na mimi mke wake nililifunika kama anavyofunikwa mume.

Vita vilipopamba moto mpakani, manispaa ikataka picha kubwa ya kuwatia watu moyo, itundikwe mbele ya ukumbi wao. Afisa utamaduni akaja karakana na kitabu, akatuonyesha ile picha ya kale ambayo kila aliyepita shule ameiona: mama amempakata mwanawe aliyeuawa, mkuki umelala miguuni. Akasema anaitaka hiyohiyo, lakini iwe ya leo na iwe yetu. Shuka liwe gwanda, mkuki uwe bunduki, na bendera iwepo. Picha akaitikia haraka mno, kama mtu aliyeitwa kula.

Wa kukaa mfano wa mama alikuwa wifi yangu, dada yake Picha. Ana sura ya kutazamwa, mwanamke yule, nami nasema hivyo japo ni wifi. Mtoto wake ni mmoja tu na yuko hukohuko mpakani. Akakalishwa kwenye stuli, godoro lililokunjwa mapajani badala ya maiti. Nikamwambia akae vizuri, nchi nzima inamtazama. Akanijibu kwamba kama nchi inamtazama, basi nchi imletee kiti chenye egemeo. Tukacheka. Kitu kimoja tu alimwomba kaka yake, na alikiomba bila mzaha.

"Huyo marehemu asifanane na mtu."

"Atakuwa askari tu, dada," Picha akamjibu.

Mwili ukaisha vizuri, gwanda, buti, mkono ulioning'inia. Uso ukabaki. Afisa anapita kila siku kuhimiza. Kitabuni maiti amemgeuzia mama yake uso, wa kunakili haupo. Na pale ukutani, juu ya makopo ya rangi, kulikuwa na picha moja tu ya kijana mwenye gwanda: mpwa wake, mtoto wa wifi, alipigwa siku ya kuapishwa. Picha akaishusha, akaipiga miraba.

Mimi niliuona uso ule siku ya uzinduzi, pamoja na mji mzima. Pazia likavutwa, watu wakapiga makofi. Wifi yangu alikuwa mbele, amevaa nguo yake nzuri. Akatazama. Hakupiga yowe. Mama mmoja nyuma yake akampigapiga begani, akampa hongera. Wifi akapenya kwenye watu akaondoka, na makofi yakiendelea.

Tulimkuta kibarazani kwetu. Kwetu sisi hata mgonjwa mahututi hatumwambii "ukifa". Tunasema likitokea la kutokea, na hata hilo tunalisema kwa sauti ya chini. Mtu aliye hai humlazi maiti, hata kwa maneno, sembuse kwa rangi ya mafuta mbele ya ukumbi wa manispaa.

"Umenichuria mwanangu," akamwambia kaka yake.

Picha akasema hakukusudia, ni kufanana tu, vijana siku hizi wanafanana.

"Wanafanana hadi kovu la nyusi?"

Wifi akasema uso ule utoke, akaenda zake.

Basi mume wangu akaanza kuzunguka kuomba uso. Jirani mwenye watoto wa kiume alimfungia mlango kabla hajamaliza salamu. Fundi wa kuchomelea, rafiki yake wa siku nyingi, akamwambia akamchore baba yake mwenyewe. Kinyozi akacheka, akamwambia kichwa anacho, akatundike kile cha mlangoni. Na ninavyomjua, alilifikiria hilo.

Mwisho akapanda ngazi pale ukumbini, akaivuta pembe ya bendera kwa brashi, akaishusha juu ya ule uso. Hata hicho kitambaa alikipigia miraba, mikunjo aliinakili kutoka pazia letu la chumbani. Ikapendeza mno! Afisa akasema hiyo ndiyo akili ya msanii, sasa kila mama atamwona wa kwake pale chini. Akamleta na mwandishi wa gazeti karakana. Mume wangu akawa anapewa mikono barabarani, naye anaipokea huku anatazama viatu.

Mwandishi alikuwa ndiyo kwanza anamuuliza aliipataje hekima ile, wifi akaingia. Hakukaa.

"Umemfuta au umemfunika?"

Picha akageukia makopo yake ya rangi.

"Nani anayefunikwa uso, kaka? Mtu wa namna gani?"

Afisa akamwambia mama atulie, sanaa ina lugha yake. Wifi akamjibu hajaulizwa yeye, baba, asubiri zamu yake. Afisa naye, akitaka kumaliza shari, akamgeukia Picha: basi amfute, achore uso mwingine wowote kutoka kichwani, si ni msanii?

Nilimwona mume wangu anavyopangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mikono yenyewe haikuwa na rangi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kujua. Mimi nanakili tu."

Mwandishi aliacha kuandika, kisha akaandika. Nilitamani ardhi ipasuke, na ianze na mimi.

Picha akabeba ngazi mchana kweupe, akapita nayo barabara kuu, kikwaruzo na msasa mfukoni. Akakwangua kitambaa, akakwangua na uso chini yake, mpaka ubao ukaonekana. Watu wakajaa. Kila aliyeuliza alijibiwa yaleyale: ni mpwa wangu, yu hai, nilikosea. Kinyozi akapaza sauti, "Fotokopi, na yule wa kwangu utamkwangua lini?" Wakacheka, na mimi nilisimama pale nikiwasikia wote.

Ngazi ilikuwa inacheza. Dada yake akasogea akaishika kwa mikono miwili. Hakumtazama. Unga wa rangi ukamwangukia kichwani, wa kahawia, kisha mweupe wa mbao, naye hakujipangusa, akamwambia tu, "Bado sikio."