Miaka Minne na Gari la Padri

Gari lile lilifika nyumbani kwangu Ngokolo likivutwa na ng'ombe wawili. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mkereza vyuma katika kiwanda cha kuchambulia pamba pale Shinyanga mjini, na ng'ombe nilikuwa nimewaazima kwa mkulima mmoja aliyekuwa akituletea pamba. Walizoea jembe la kukokota, hawakuzoea kitu cha namna ile. Kila baada ya hatua chache walisimama, wakageuza shingo kutazama wanachovuta. Watu walitoka majumbani kucheka. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama gari hilo nalo linakula majani. Mimi nilikuwa ndani nimeshika usukani, nao ulikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo waliosimama upande wa kulia wa barabara walisalimia kiti kitupu.

Mwenye gari alikuwa padri wa Kimarekani, mzee mrefu aliyekuwa akiongea Kisukuma vizuri kuliko wengi wetu tuliokulia mjini. Gari lililetwa kwa meli kutoka kwao. Kule, aliniambia, lilihesabiwa kuwa gari dogo la watu wa kawaida. Kwetu lilionekana kubwa: kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la kanisani, boneti pana, taa mbili za duara. Halikufaa barabara za vijijini, kwa hiyo alilitumia mjini tu. Siku moja pampu ya maji ilikufa, injini ikachemka mpaka ikakwama, na tangu hapo lilikaa nyuma ya nyumba ya mapadri, kuku wakitagia ndani.

Kabla halijafa, mke wangu alilipanda gari hilo mara mbili. Mara ya kwanza padri alimpeleka hospitali akiwa na uchungu. Mara ya pili alimrudisha nyumbani na binti yetu mikononi. Miezi miwili baadaye mke wangu alishikwa na homa, na kwa siku nne tu akatutoka. Padri yule yule ndiye aliyemzika.

Mama mkwe alikuja kutoka Ushirombo kwa ajili ya mazishi. Matanga yalipokwisha akamfunga mtoto mgongoni.

"Mtoto mchanga hakai na mwanamume peke yake," alisema. "Akikua, utakuja."

Sikubisha. Nilikuwa sijui hata namna ya kumshika mtoto shingo isiangukie nyuma. Niliwasindikiza mpaka kwenye basi, nikarudi, nikaikuta nyumba kimya kabisa.

Nilikwenda kumwona alipotimiza mwaka mmoja, akanikalia mapajani bila wasiwasi. Mwaka wa pili baada ya hapo padri aliugua, akaitwa kwao kutibiwa. Kabla hajaondoka aliniita.

"Chukua lile gari," alisema. "Wewe una mikono, na jioni zako ni ndefu."

Sikujua kama lilikuwa neno la huruma au la mzaha. Nililichukua.

Mwaka ule ule nilikwenda Ushirombo mara ya pili. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Aliponiona alipiga kelele, akakimbilia kwa bibi yake, na kila nilipomkaribia alianza upya. Siku mbili nzima alilia. Nilimwachia gauni nililomnunulia juu ya kinu cha kutwangia, nikaondoka bila kuaga vizuri. Ndani ya basi nilijiambia kwamba nitarudi, ila safari ijayo nitarudi na gari. Mtoto hawezi kumkimbia mtu mwenye gari.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Nililiweka uani juu ya magogo, nikalifungua vipande vipande. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Nilimimina mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, nikangoja, nikamimina tena. Kila nikitoka kazini nilishika spana na kujaribu kuzungusha. Ilipita wiki ya saba ndipo injini ikasogea, kiasi cha upana wa ukucha. Nilisimama pale nikiwa na spana mkononi, nikatafuta mtu wa kumwambia. Uani palikuwa na kuku tu.

Zile zilikuwa siku za uhaba. Sabuni ilipatikana kwa foleni, seuze kipuri cha gari la Marekani. Nilijitengenezea mwenyewe. Bushi nilizikereza kiwandani baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya msimamizi. Gasketi ya silinda hedi niliikata kwa bati la shaba, nyingine kwa maboksi. Raba za breki nilizichonga kutoka kwenye mkanda wa mashine uliotupwa. Rangi nyeupe kama yake ya awali haikuwepo mji mzima, basi nikalipaka kwa brashi rangi ya kijivu iliyobaki walipopaka mashine za pamba.

Nyumba yangu ya vyumba viwili ilijaa. Milango ya gari iliegemea ukuta wa chumbani. Kabureta ilikaa mezani, nami nilikula ugali wangu pembeni yake. Kiti kirefu cha mbele nilikiweka sebuleni, na mgeni adimu aliyepita alikaa hapo. Wenzangu wa kazini waliacha kunialika kilabuni, kwa sababu jibu langu lilikuwa lile lile. Ndugu zangu walinitafutia mchumba, mwanamke mpole wa Kahama. Alikuja kunitazama, akakikalia kile kiti, akazitazama zile taa mbili zilizokuwa juu ya kabati, na hakurudi.

Jirani mmoja tu ndiye aliyekuwa akija bila kualikwa. Alikuwa mjane, muuza vitumbua, mkubwa kwangu kwa umri. Aliniita Baba pamoja na jina la binti yangu, kama ilivyo desturi. Lakini pale mtaani hakuna aliyewahi kumwona mtoto huyo tangu akiwa kichanga, na kila nilipoitwa hivyo nilijisikia kama nimeazima jina la mtu.

"Mtoto hajambo?" aliuliza kila mara.

"Hajambo," nilijibu. Nilikuwa natuma salamu na nguo kwa watu waliosafiri, nao walirudi na kuniambia hajambo. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Pampu ya maji ilinishinda. Niliitengeneza mara tatu, na mara tatu ilivuja. Mwishowe nilimwandikia padri huko kwao, nikamwomba kama anaweza kunipatia moja. Ilipita karibu mwaka. Nilishakata tamaa nilipoletewa taarifa kwamba nina kifurushi posta.

Ndani ya boksi kulikuwa na pampu, imefungwa kwa gazeti, na barua ya Kiingereza. Nilimpelekea mwalimu mmoja wa shule ya jirani anisomee. Barua haikutoka kwa padri. Ilitoka kwa dada yake. Alisema kaka yake alikuwa amefariki kabla barua yangu haijafika. Aliifungua kwa sababu ya stempu yenye picha ya twiga, na kwa sababu hakuna mwingine wa kuifungua, maana wao walizaliwa wawili tu na yeye hakuolewa. Alikwenda mwenyewe kwenye uwanja wa magari mabovu, akamwomba mzee wa pale amfungulie pampu kutoka kwenye gari la aina hiyo. Mwishoni aliandika: "Gari likiwaka, tafadhali niandikie. Ningependa kujua kwamba kitu alichokigusa bado kinatembea."

Mwalimu alikunja barua, akanipa pole. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kile kiti cha sebuleni, nikalia. Kwa muda mrefu sikuwa nimemlilia mtu. Nadhani siku ile niliwalilia wote kwa pamoja.

Gari liliwaka Jumamosi moja alasiri. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likatulia, likaanza kuunguruma sawasawa. Niliinua mikono juu. Nikakimbia kwa jirani, nikakuta mlango umefungwa, ameenda sokoni. Nikarudi, nikaingia ndani, nikashika usukani nikisikiliza. Baada ya dakika chache nikalizima, kwa kuwa petroli niliyokuwa nayo ilikuwa chupa moja. Jioni nikakirudisha kiti cha mbele garini. Sebule ikabaki tupu.

Nilimwandikia yule dada wa padri wiki ile ile. Lakini Ushirombo sikwenda. Nilipiga msasa mahali palipokwisha kupigwa msasa. Nilibadilisha waya ambazo hazikuwa na kasoro. Jirani alinitazama kwa mwezi mzima, kisha akaja na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya boneti.

"Baba," akasema, na jina la mtoto, "gari limepona. Sasa unangoja nini?"

"Tairi moja si zima sana."

"Unamwogopa mtoto wa miaka saba."

Nikainama kulitazama tairi. Alimaliza chai yake akaondoka.

Nikaanza kukusanya petroli kidogo kidogo, na Jumamosi moja alfajiri niliondoka. Nilipita Tinde, nikapita Kahama, vumbi likiingia hadi kwenye meno. Tairi lile lile nililolisema lilipasuka, nikaliziba kando ya barabara huku wachunga ng'ombe wawili wakinitazama. Ilipofika alasiri nikaingia katika mji wa mama mkwe, boma lake la Ushirombo.

Msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya karanga. Nilimjua papo hapo, kwa sababu alikuwa na paji la uso la mama yake, na alikunja uso kama yeye. Alisimama, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umetumwa na misheni?" Magari yaliyofika pale yalikuwa ya misheni tu.

"Hapana."

"Bibi yuko shambani. Nimwambie ni nani?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo njia nzima.

"Mwambie ana mgeni," nilisema.

Akakimbia. Nikabaki pale uwanjani, nikajichukia.

Mama mkwe alikuja polepole, jembe begani. Alinisalimu kwa heshima zote, akanipa kigoda, akaniletea maji. Baada ya hapo ndipo akalitazama gari.

"Umekuja na gari," alisema.

"Ndiyo mama. Limenichukua miaka minne. Nilitaka lipone kwanza, ndipo nije."

"Basi la Kahama linapita pale barabarani." Alinyoosha mkono kunionyesha, bila hasira. "Lilikuwa likipita siku zote hizo. Huyu alikuwa akisikia honi yake anakwenda kusimama njiani. Alifanya hivyo mpaka mwaka jana. Halafu akaacha mwenyewe."

Akamwita mtoto, akamwambia kwa Kisumbwa maneno machache. Msichana alinitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. Kisha akarudi kwenye mkeka wake, akaendelea kumenya karanga. Safari hii hakulia. Afadhali angelia.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta amesimama kwenye dirisha la gari, amejikinga macho kwa viganja akichungulia ndani.

"Kwa nini usukani uko huku?" aliuliza.

"Kwao wanaendesha upande mwingine wa barabara."

"Kwa nani?"

Nikamweleza habari za padri. Nikamweleza pia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupanda gari hili akiwa na umri wa siku mbili, mikononi mwa mama yake.

"Mama alikaa wapi?"

Nilimfungulia mlango wa kulia, nikamwonyesha. Aliingia, akakaa, akaweka mikono mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu, akitazama mbele. Nami nikaingia upande wangu. Kengele ya misheni ililia kwa mbali, na bibi yake akatoka amevaa kitenge cha kanisani, akatuona, akarudi ndani kwanza.

Wakati ule serikali ilikuwa imekataza magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa kuwa mafuta hayakutosha. Kama nilitaka kufika Shinyanga kabla ya hapo, na Jumatatu niwe kazini, ilinipasa kuondoka mapema. Nikamwambia mama mkwe kwamba nilikuwa nimekuja kumchukua mwanangu.

"Humjui," alisema. "Wala yeye hakujui. Unataka akalie kwenye nyumba ambayo hana mtu?"

"Nina gari sasa. Naweza kumleta akusalimie."

"Gari liache. Njoo wewe. Njoo mwezi ujao, na mwezi mwingine. Yeye mwenyewe atasema siku akitaka kwenda."

Niliondoka peke yangu. Niliposhika barabara kuu niliangalia kwenye kioo, nikamwona mwanangu amesimama mbele ya mji wao, bila kupunga mkono, mpaka vumbi likamfunika.

Petroli ya kwenda tena sikuipata, na mwezi uliofuata nilipanda basi. Sikuwa nimetuma habari. Nilishuka njia panda na mkoba wangu, nikatembea. Mwanangu alinikuta katikati ya njia akitoka kisimani na ndoo kichwani. Alisimama, akanitazama kutoka miguuni hadi usoni.

"Gari limekufa tena?" aliuliza.

"Halijafa. Nimekuja tu."

Akafikiri kidogo. Kisha akageuka, akatangulia kunionyesha njia, ingawa niliijua, na maji yalikuwa yakimwagika kidogo kidogo begani mwake kwa sababu kila mara alikuwa akigeuza kichwa kuhakikisha kwamba namfuata.