Leso Kati ya Mama na Kimani

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Krismasi ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, kwa sababu bila alasiri ile harusi yenyewe isingekuwapo. Ilikuwa Ruiru, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imelegea kidogo, watu wameanza kupata ruhusa ya kutembeleana, na dansi zilipigwa mchana ili kila mtu awe kwake kabla ya giza.

Kwanza nikuambie juu ya mama yangu. Alichuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi tangu ujana wake, na kuni alizibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, kama mama zetu wote. Mgongo ukapinda. Akitaka kuinuka pale jikoni alishika ukuta kwanza, akapumua, ndipo akanyooka. Mzee Gathogo, aliyerudi kutoka vita vya Burma na gramafoni yake, alipoanza kuwafundisha akina mama dansi za Wazungu, zile za kushikana, nilidhani mama anakwenda kucheka tu na wenzake. Lakini Gathogo hakuwa mtu wa mzaha. "Vichwa juu, akina mama! Hapa hakuna kuni," alikuwa akiwaambia. Aliwafundisha kusimama kabla ya kuwafundisha kutembea: mabega chini, magoti laini, uzito wote juu ya mguu mmoja bila kuyumba. Mavuno ya kahawa yalipokwisha, nilimwona mama akiinuka jikoni bila kugusa ukuta. Sisemi dansi ni dawa. Nasema nililoliona.

Sasa, Kimani. Alifanya kazi katika kiwanda cha kutia matunda mikebeni huko Thika, na wazee wake walikuwa wamekwisha kuja kwetu kuniposa. Wewe wa siku hizi huenda hujui kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kuepukana. Akimwona njiani, alipisha hadi kichakani. Kumgusa ilikuwa aibu ya kuvunja posa. Baba yangu alikuwa amefariki, na ndugu yake, baba mdogo Mbugua, aliyesimamia mazungumzo, hakumpenda Kimani tangu mwanzo. Alikuwa akingojea sababu.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Gathogo akatangaza dansi ya duara: wanawake ndani, wanaume nje, wakizunguka kwa kupishana, muziki ukisimama, unacheza na aliye mbele yako. Kimani aliingia akinitafuta mimi. Muziki ukasimama. Mbele yake alikuwa mama.

"Ngai, Mungu wangu!" mtu akasema.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Kimani, leo umepata mchumba mkubwa! Mshike basi!"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana baba mdogo Mbugua alikuwa ameinuka kwenye benchi. Kimani akirudi nyuma, atamwacha mama katikati ya ukumbi kama mtu aliyekataliwa mbele ya watu. Akimshika, mimi nimekosa mume. Nilisimama upande wa pili wa duara, nikiwa nimesahau hata mwanamume aliye mbele yangu.

Mama hakuharakisha. Alifungua leso yake ya kanga kiunoni, akaikunja ikawa ndefu, akashika ncha moja na kumtupia Kimani ya pili. "Shika, kijana wa watu," akasema, macho yakiangalia paa. "Na usinivute. Mimi si toroli ya kiwanda."

Gathogo akarudisha sindano kwenye sahani ya gramafoni. Ilikuwa waltz, dansi ya polepole. Wakaanza kuzunguka, leso imenyooka katikati yao. Kimani akiivuta kidogo, mama alimfuata. Mama akigeuka, Kimani alimpa nafasi. Haikulegea hata mara moja. Na mgongo ule niliouzoea umekunjika ulikuwa wima, shingo ndefu, miguu ikiteleza kwenye saruji bila kelele. Nilimwona mama yangu kama alivyokuwa kabla sijazaliwa.

Muziki ulipokwisha, baba mdogo alimwendea Gathogo.

"Hakumgusa," Gathogo akawahi.

"Nimeona. Nina macho." Baba mdogo akamwangalia mama akifunga leso yake. "Huyu shemeji yangu alikuwa akitembea amekunjika kama jembe. Je, haya magoti yangu, nayo utaweza kuyafundisha?"

Posa ikaendelea. Baba mdogo alicheza mpaka nywele zikawa nyeupe zote, na mama hakuwahi kuhitaji mkongojo.

Kwa hiyo, mwanangu, usiseme dansi ni ya vijana, na usingoje mwili uharibike ndipo uutendee wema. Simama wima. Cheza na rika lako, cheza na waliokuzidi umri, na uwe na subira ya kusikia hatua ya mwenzako. Asikudanganye mtu kwamba heshima na furaha haziwezi kuingia ukumbi mmoja. Mimi niliziona zimeshika leso moja.

Mungu akupe magoti yasiyolalamika, mgongo ulionyooka, na mtu wa kukushika vizuri hadi muziki uishe.