Gunia la Pili la Chokaa

Vaciseva alikuwa na hasira za karibu, hilo kijiji kizima kililijua. Lakini kwa kaka yake Isoa hasira hizo zilikosa mlango, maana kwa Wafiji wa pale Naitasiri dada hamsemeshi kaka wa tumbo moja. Neno hupitia kwa mtu mwingine. Shuleni, alikofundisha kemia, alifoka apendavyo, nyumbani alimeza.

Asubuhi ile alimkuta Isoa kwenye bwawa la perege wa karamu ya kumaliza msiba wa mama yao. Alikwisha kumwaga gunia zima la chokaa, ati maji yatakate kabla ya wageni, na la pili alikuwa nalo begani. Perege walitweta juujuu ya maji.

Vaciseva akapima. Amonia, miligramu mbili kwa lita, kama jana. pH, kipimo cha asidi na besi ya maji, jana saba, leo chokaa imeipandisha hadi nane. Akamgeukia mke wa Isoa, Losena.

"Wifi, mwambie aache! Atawaua wote!"

"Baba Seru, dada yako anasema uache."

"Mwambie na mimi nimeona kipimo. Amonia ni mbili zilezile. Au mwalimu kasahau kuhesabu?"

Damu ikamchemka. "Mwambie hizo mbili zina sura mbili! Moja haidhuru, nyingine ni sumu, na zinageuzana. Kuna namba ya msawazo inayoamua kila moja iwe kiasi gani. Jana sumu haikufika sehemu moja kwa mia. pH ikipanda moja, uwiano unazidi mara kumi. Akimwaga hilo tutafika tisa, na sumu itakuwa sehemu mbili kwa tano. Karibu miligramu nzima kwa lita! Nani atabaki hai humo?"

Losena akakodoa macho. "Baba Seru, anasema… chokaa si nzuri sana."

Si nzuri sana! Hesabu yote ile imekuwa uji wa mgonjwa. Isoa akacheka, akafungua gunia.

"Isoa! Weka chini!"

Wanaume waliokuwa wakichimba shimo la kuokea wakaacha majembe. Isoa hakumtazama.

"Losena, mwambie dada yangu kanivunjia heshima mbele za watu."

Lakini gunia akalitua.

Jioni ni Vaciseva aliyepeleka kava, kinywaji cha mizizi cha heshima, ya kuomba radhi, akapiga magoti kwa kaka yake huku roho inamwaka. Siku ya karamu, perege wa tui waliwatosha wote. Losena akaja jikoni na sahani tupu.

"Wifi, Baba Seru anasema samaki ni watamu. Umwongeze."