Jirani Aliyeuza Moto

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinilainishie neno hata moja.

Katika miaka ya tisini nyaya za serikali zilikuwa zimefika katikati ya mji wa Garissa, lakini bulla yetu, yaani mtaa wetu, ilikuwa ukingoni na haikupata kitu. Jirani yangu, mwana wa ukoo wetu ambaye utotoni alikula katika sufuria yangu, akanunua jenereta ya dizeli na kuvuta nyaya juu ya nyua za miiba. Alianza na nyumba chache, nami nilikuwa wa kwanza kulipa.

Nilikuwa na friji moja. Humo nilihifadhi maziwa ya ngamia yaliyoletwa na wanawake wa malishoni, ambao walitembea tangu alfajiri wakiwa wamebeba vibuyu mgongoni. Wao walikamua, mimi niliuza, na kati yetu hapakuwa na shahidi ila Mwenyezi Mungu. Waliniamini. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wangu wote wa maziwa.

Kisha tamaa ikamwingia jirani. Alimwunganisha mwenye kinu cha unga, akamwunganisha fundi wa kuchomelea vyuma, akafungua na ukumbi wa video. Mashine ilikuwa ile ile. Taa zetu zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa, na kila mara fundi alipogusa chuma, friji yangu ilitetemeka na kunyamaza. Bei nayo akaipandisha, akidai kwamba dizeli imekuwa ghali. Tulilipa zaidi, tukapata pungufu.

Siku moja friji ilinyamaza tangu adhuhuri. Jioni nilipofungua mlango wake, harufu ilinipiga usoni. Nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi mlangoni na wanaume wenzake, wakitafuna miraa.

“Warya, we kijana,” nikamwita, “maziwa ya watu yameoza.”

“Eddo, shangazi, si uuze susa?” Wanaume wakacheka.

“Susa ni maziwa yaliyochachushwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Huu ni uozo. Mwondoe fundi kwenye waya wangu, au mpangie saa zake.”

“Fundi analipa kuliko wewe.”

“Tumefundishwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Huo wako ni moto, nawe unatunyima.”

Alitema jani, akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote: “Moto ni wa Mungu, eddo. Kazi ya kuutengeneza ni yangu. Asiyeridhika awashe kuni.”

Asubuhi niliyamwaga maziwa nyuma ya ua, mbele ya walioyaleta. Hakuna aliyenitukana. Mwanamke mmoja aliinua kibuyu chake kitupu, akamwambia mwenzake: “Kesho tutafute mlango mwingine.” Nililihifadhi neno hilo kifuani, na sikulilia. Nililitafutia mtu wa kulilipia.

Sasa jua jambo ambalo jirani alilisahau. Injini yake ilipozwa kwa maji, na maji ya bulla nzima yaliletwa na mikokoteni yangu ya punda kutoka mtoni. Maji ya Tana ni tope. Mimi ndiye niliyeyatia shabu, jiwe la kusafishia maji, katika mapipa yangu na kuyaacha yatuame hadi yawe meupe, ndipo nikampelekea. Hakuwahi kujiuliza weupe huo ulitoka wapi.

Alipotuma pipa lake, nililijaza maji yaliyotoka mtoni wakati huo huo, mekundu kama udongo wa njia ya Wajir. Alikuja mwenyewe, mbio.

“Eddo, haya ni matope!”

“Maji ni ya Mungu, nami sikukunyima. Kazi ya kuyatuamisha ni yangu. Asiyeridhika asubiri mvua.”

Alielewa. Niliona shingo yake ikivimba. Lakini kiburi hakijui kurudi nyuma: aliyamimina yale yale ndani ya mashine, kwani ukumbi wa video ulikuwa umejaa watu. Tope likaziba njia za maji, injini ikapata joto, ikakohoa, ikafa. Niliyasikia makelele ya watazamaji wakidai warudishiwe kiingilio chao, na chai yangu siku hiyo ilikuwa tamu.

Bulla ilikaa gizani mpaka wazee wakaitisha kikao. Injini ilikuwa imesafishwa, lakini bila maji meupe isingedumu; wakanitaka nimsamehe ili taa zirudi. Nikawaambia kwamba nitatuamisha maji kwa masharti. Fundi na kinu wafanye kazi asubuhi hadi adhuhuri. Kuanzia adhuhuri hadi alfajiri umeme uwe wa nyumba na friji. Asiunganishe mtu mpya kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, na bei irudi ilipokuwa. Alikubali huku akitazama viatu vyake. Nilimwamuru ainue uso, arudie kila sharti mbele ya wale waliocheka.

Alipomaliza akanong’ona: “Eddo, sasa yamekwisha?”

“Habari ya umeme imekwisha,” nikamwambia. “Habari ya maziwa haijaanza.”

Wanawake wa malishoni walirudi, ila si wote. Yule aliyetafuta mlango mwingine aliupata, na hadi leo hajapita kwangu. Jirani naye bado yu hai, mzee mwenye fimbo. Akinisalimu humwitikia, kwa sababu salamu ni faradhi kuijibu. Akileta chai, namrudishia birika likiwa limejaa.